Jiwe Ndani ya Birika

Fundi aliibana koili ya hita kwenye jiliwa, akaigonga mara moja kwa mpini wa bisibisi. Gamba jeupe likapasuka na kumwagika mezani vipande vipande, vingine virefu kama kidole, kila kimoja kina mfuo ndani pale kilipokuwa kimeikumbatia koili. Chini ya gamba, koili ilikuwa imetoboka. "Maji yenu ndiyo yaliyoiua hii," akaniambia. Hita ilikuwa yangu, na haikuwa imetimiza miaka miwili bafuni.

Nilichukua kipande kimoja nikaenda nacho nyumbani. Nilikiweka kwenye kisahani, nikakikamulia ndimu. Kikachachatika na kutoa povu dogo dogo. Nikatoka uani, nikaokota jiwe la matumbawe lililobaki tulipojenga ukuta, nalo nikalikamulia ndimu. Likafanya vilevile. Tangu siku ile sihitaji kuelezwa kilichomo kwenye maji yetu ya Unguja: ni lile lile jiwe tulilojengea nyumba.

Kitaalamu jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti, na safari yake kutoka ardhini hadi kwenye birika ni fupi. Mvua inapozama ardhini hunyonya kaboni dayoksaidi, gesi ile ile tunayoitoa puani na inayotiwa kwenye soda. Maji yakawa tindikali hafifu sana, isiyomdhuru mtu, lakini yenye nguvu ya kulila jiwe la chokaa taratibu. Ndiyo iliyochimba mapango ya kusini na mashariki ya kisiwa. Jiwe lililoliwa husafiri ndani ya maji likiwa limeyeyuka, pamoja na magnesiamu kidogo, na maji hubaki maangavu kabisa. Ukiyachemsha, gesi hutoroka. Jiwe likikosa cha kulishikilia hurudi kuwa jiwe, na hugandia pale penye joto kali kuliko kwingine, yaani juu ya koili.

Maji ya namna hiyo ndiyo yanayoitwa maji magumu. Gamba lenyewe mafundi wengi huliita chumvi. Mimi nitaliita ukoko, kwa sababu linashika chini ya birika kama ukoko wa wali unavyoshika sufuria, na kwa sababu neno chumvi linachanganya mambo mawili ambayo nitayatenganisha hapa chini.

Ugumu wa maji hupimwa kwa miligramu kwa lita. Maji yasiyozidi 60 ni laini, kuanzia 61 hadi 120 yana ugumu wa kiasi, kuanzia 121 hadi 180 ni magumu, na yakipita 180 ni magumu sana. Aliyezoea maji ya Ziwa Victoria huko Mwanza au Bukoba amezoea maji laini. Akihamia Zanzibar, Mombasa au sehemu yoyote ya pwani inayokunywa maji ya visima vya kwenye matumbawe, ataona tofauti siku ya kwanza akioga: sabuni haitoi povu, na nywele zinakuwa kama zimepakwa kitu. Hapa Unguja hatuna mito mikubwa. Tangu Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipouletea mji maji ya mfereji kutoka chemchem za upande wa Bububu, hadi leo tunapochimba visima virefu kila mtaa, karibu maji yetu yote yanatoka chini ya ardhi.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua maji ya miligramu 300 kwa lita, kiwango kisicho cha ajabu kwa kisima cha kwenye mawe. Ndoo ya lita 20 ya maji hayo ina gramu 6 za jiwe lililoyeyuka, kiasi cha kijiko cha chai. Nyumba inayochemsha lita 5 kwa siku kwa ajili ya chai na maji ya kunywa hupitisha birikani zaidi ya nusu kilo ya jiwe kwa mwaka. Si lote linaloganda, jingine huondoka na maji. Lakini ikiganda theluthi yake tu, ni zaidi ya gramu 180 zilizobaki ndani ya chombo kinachoenea mkononi.

Kabla ya kununua dawa au mashine yoyote, jua kwanza una maji gani. Kipimo cha nyumbani hakina gharama. Kinga maji ya mvua kwenye chupa moja ya plastiki iliyo safi, na maji ya mfereji kwenye nyingine, kila moja nusu. Kwangua sabuni ya mche, tia kiasi kile kile kwenye kila chupa, kisha tikisa. Ya mvua itajaa povu. Ya mfereji, kama ni magumu, itakuwa na utando mweupe unaoelea kama maziwa yaliyokatika, na povu lake litakufa upesi. Usitumie sabuni ya unga kwa kipimo hiki. Sabuni za unga nyingi zimetengenezwa zivumilie maji magumu, hivyo zitakudanganya. Ukitaka tarakimu, peleka chupa kwenye maabara ya mamlaka ya maji ya eneo lako, uombe wapime ugumu kwa jina lake. Kile kijikalamu cha umeme wanachochovya wauzaji wa mitambo ya kuchuja kinapima jumla ya madini yaliyoyeyuka, na hakijui kutenganisha chumvi ya mezani na chokaa.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane kuhusu neno chumvi. Pwani tuna maji magumu, na tuna maji ya chumvi. Kisima kikivutwa kupita kiasi karibu na bahari, maji ya bahari huingia chini kwa chini na kuchukua nafasi ya maji baridi. Maji hayo yana ladha, na madhara yake kwa chombo ni mengine: yanakula chuma. Utaona kutu kwenye maungio ya mabomba, na tangi la hita litavuja kabla hata koili haijafa. Maji magumu hayana ladha ya chumvi. Hayali chuma, yanakipaka jiwe. Nyumba nyingi za pwani zina yote mawili kwa pamoja, na ndiyo sababu mtu anasafisha ukoko kila mwezi halafu anashangaa tangi limetoboka. Siki inatoa ukoko lakini haizuii kutu. Kama maji ya kisima chako yanakolea mwaka hadi mwaka, tatizo lako liko kwenye pampu na kina cha kisima, na anayefaa kuitwa ni mtaalamu wa visima.

Sasa tuingie jikoni na bafuni.

Husemwa sana kwamba ukoko unakula umeme. Kwa sufuria iliyo juu ya gesi au mkaa, kuna ukweli: moto uko nje, na ukizuiwa na jiwe chini ya sufuria, joto linapanda pembeni na kupotelea hewani. Lakini koili ya birika au ya hita imezama ndani ya maji yenyewe. Joto lake halina pa kwenda isipokuwa kwenye maji, hata likichelewa. Kwa hiyo yuniti zinazopotea si nyingi kama wanavyotangaza wauza dawa. Kinachopotea ni koili. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara mia kuliko ukoko. Koili iliyovikwa gamba hushindwa kutua mzigo wake, ikazidi kupata moto ndani kwa ndani hadi ikapasuka au kuungua. Bei ya maji magumu unailipa dukani siku unaponunua chombo kipya.

Birika la umeme hutoa dalili mapema, na watu wengi hawaijui. Chini ya birika kuna kipande cha madini mawili yaliyoshikanishwa ambacho hujipinda kinapopata joto kupita kiasi, kikakata umeme ili birika tupu lisiungue. Ukoko ukiwa mnene, sehemu ya chini hupata joto la hatari hata kama birika limejaa, na swichi hujikata kabla maji hayajachemka. Mtu anabonyeza tena, inakata tena. Anaamua birika limekufa, analitupa. Nimeshaokoa mabirika mawili ya majirani kwa ndimu tu.

Hita ya tangi ndiyo inayoficha maradhi. Ukisikia tangi linanguruma au kugonga gonga linapopasha, kama sufuria ya uji mzito, ni mapovu ya mvuke yanayojitoa chini ya mashapo. Mwite fundi alifungue mara moja kwa mwaka, na kwa maji magumu sana mara mbili. Amwage maji, atoe mashapo, asafishe koili, na aitazame ile fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani. Fimbo hiyo imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi, na ikiisha, zamu ya tangi imefika. Themostati iweke kwenye nyuzi 60 hivi. Juu ya hapo ukoko huganda kwa kasi kubwa, na chini sana ya hapo maji yanayokaa tangini huweza kuotesha bakteria.

Zaidi ya yote, angalia valvu ya usalama. Ni kile kidude chenye kijipini kidogo kwenye bomba la kuingizia maji baridi. Maji yanapopashwa hutanuka, na valvu hutoa matone ili kupunguza msukumo. Matone machache wakati wa kupasha ni afya. Watu huyaona kama uvujaji, wakaziba kwa plagi. Usizibe. Ukoko nao unaweza kuiziba bila wewe kujua, na tangi lililofungwa pande zote likichemka bila themostati kukata, linapasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta. Kama kijipini hakinyanyuki, au tangi halitoi hata tone linapopasha, zima hita kwenye swichi kuu na uite fundi siku hiyo hiyo. Kwa jambo hili sitaki mtu angoje mwisho wa mwezi.

Shawa ya umeme ya kupasha papo kwa papo ina shida yake. Matundu yakiziba, maji hupungua, na yakipungua huwa ya moto zaidi, na yakiwa ya moto zaidi ukoko huongezeka. Fungua kichwa cha shawa kila mwezi, kiloweke kwenye siki usiku kucha, kisha kisugue kwa mswaki wa zamani. Umeme uzimwe kwanza kwenye breka, maana swichi ya bafuni peke yake haitoshi. Na kama shawa haina waya wa ethi, msioge nayo mpaka uwekwe.

Mashine ya kufulia inaumia kidogo kuliko tunavyohofu, kwa sababu wengi wetu tunafua kwa maji ya kawaida. Endeleeni hivyo. Ukoko mwingi hujijenga maji yanapopita nyuzi 60, kwa hiyo joto hilo liache kwa mashuka na taulo. Tatizo la huku ni sabuni. Sabuni ya kawaida ikikutana na kalsiamu hugeuka ule utando wenye kunata, ukashika kwenye mpira wa mlango, kwenye pipa na kwenye nguo zenyewe. Ndiyo maana fulana nyeupe zinakuwa za kijivu na taulo zinakauka kama ngozi ya ng'ombe. Tumia sabuni ya unga, na usome pakiti: nyingi zina kipimo cha maji laini na kipimo cha maji magumu.

Pasi ya mvuke haitaki maji ya mfereji wetu hata kidogo. Njia za mvuke ni nyembamba kama sindano, na siku zikianza kuziba, pasi hutema unga mweupe kwenye buibui au suruali nyeusi dakika tano kabla ya kutoka. Tia maji ya mvua yaliyochujwa, au maji yaliyotoneshwa yanayouzwa dukani. Tahadhari hapa inahusu uhai wa mtu. Maji yaliyotoneshwa huuzwa pia kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezea betri za magari, na kwenye rafu hiyo hiyo kuna tindikali ya betri. Wauzaji wengine huviita vyote viwili "maji ya betri". Soma maandishi ya chupa mwenyewe, na ukiwa na shaka, usinunue.

Kuhusu kusafisha, dawa ni kitu chochote kichachu kisicho kikali mno. Kwa birika, kamua ndimu tano au sita, uongeze maji mpaka ukoko ufunikwe, au changanya siki na maji nusu kwa nusu. Ukipata sitriki asidi ya unga, ile inayotumiwa na watengenezaji wa juisi, vijiko viwili vya chakula kwa lita moja vinatosha, na haina harufu. Pasha mpaka maji yawe ya moto wa kuvumilika, zima, acha saa moja. Usiyaache yatokote: sitriki asidi ikichemshwa na chokaa nyingi hutengeneza unga mwingine mweupe usioyeyuka kwa urahisi, ukabaki na tatizo jipya. Utasikia mchachato. Ukinyamaza na ukoko bado upo, mwaga, tia dawa mpya. Mwisho suuza, chemsha maji matupu mara mbili, uyamwage.

Usikwangue kwa kisu. Mkwaruzo mmoja kwenye bati la ndani ni mahali pa ukoko mpya kushika, na kutu kuanzia. Sufuria za alumini usiziache na siki usiku kucha, zinaliwa. Siki na ndimu ziwe mbali na meza za marumaru na sakafu za terazo, kwa sababu nazo ni jiwe la chokaa na zitachimbika kama ukoko unavyochimbika. Ile dawa kali ya chooni haiingii kwenye chombo cha kupikia wala cha kunywea kwa sababu yoyote. Na usichanganye kitu kichachu na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na bafu zetu nyingi ni ndogo na hazina dirisha kubwa.

Kwa mashine ya kufulia, gramu 100 za sitriki asidi kwenye pipa tupu, mzunguko wa nyuzi 60, kila baada ya miezi mitatu. Siki usiitumie mara kwa mara humo, inachosha mipira.

Wauzaji watakujia na mitambo. Mtambo wa kweli wa kulainisha maji una punje za resini zinazokamata kalsiamu na kuachia sodiamu, kisha husafishwa kwa maji ya chumvi. Unafanya kazi, na kwa hoteli au nyumba ya wageni unaweza kujilipa. Lakini kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa, kiasi cha miligramu 46 za sodiamu huingia kwenye lita ya maji. Nyumba yenye mgonjwa wa presha iache mfereji mmoja wa jikoni bila kuunganishwa. Chujio la mkaa na la udongo ni zuri kwa harufu, tope na vijidudu, lakini chokaa iliyoyeyuka hupita kama haijaona mtu. Sumaku za kufunga kwenye bomba sizipendekezi. Sijaona zikizuia ukoko kwa namna ya kutegemewa, na pesa yake inanunua sitriki asidi ya miaka mingi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu vyombo. Watu wanaona ule ukoko birikani na kujiuliza kama ndio unaojijenga kwenye figo zao. Hofu hiyo ninaielewa, lakini Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya, na kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji. Anayejihatarisha zaidi kwa mawe ya figo ni yule anayekunywa maji machache kwenye joto letu. Maji laini nayo si lazima yawe salama. Pembeni mwa Mlima Meru kuna maji yanayotoa povu zuri la sabuni kwa kuwa yana kalsiamu kidogo, na ndiyo yenye floraidi nyingi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuyachemsha hakuiondoi.

Kuna jambo moja zaidi la jikoni. Maharage yasiyoiva kwenye maji magumu hayana ukaidi wowote. Kalsiamu hukaza kile kinachoshikanisha chembe za punje, ndiyo maana bibi zetu walitia magadi kidogo, nayo huyanyang'anya maji kalsiamu yake. Magadi ya baadhi ya sehemu yana floraidi nyingi, kwa hiyo mimi napendelea kuloweka maharage na kuyapika kwa maji ya mvua.

Na mvua tunayo. Masika na vuli zinatumwagia maji laini juu ya mabati bure, nasi tunayaacha yakimbilie barabarani kisha tunakwenda kununua birika jipya. Wazee wa pwani hii walijenga mabirika makubwa ya kuhifadhia maji kwenye misikiti na majumba. Acha mvua ya dakika kumi za mwanzo ioshe bati, kisha kinga. Tumia tangi la plastiki, kwa sababu tangi jipya la saruji hurudisha chokaa kwenye maji. Huhitaji mengi. Maji ya kuogea na kufulia yaendelee kutoka mferejini. Ya mvua ni ya pasi, birika na maharage, na ya kunywa yachemshwe kama mengine.

Kwangu madumu manne yanatufikisha kutoka mvua moja hadi nyingine tukiyabana. Na hita mpya nimeibandika utepe ubavuni, ninaandika tarehe kila inapofunguliwa. Mwezi uliopita fundi aliifungua mbele yangu. Ukoko ulikuwepo, mwembamba kama ganda la yai, na ulitoka kwa kitambaa na siki.